Neno Lililonikosesha Kumwosha Mama

Nalini alinipigia simu Jumanne moja nikichambua mchicha, akaniambia baba yake amefariki. Hakuzunguka. "Zuhura, ni mimi, Nalini wa Ngara. Baba alituacha wiki iliyopita. Nataka kuja kwako. Kuna kitu aliniagiza nikuambie, na si ya simu." Miaka kumi na minane sikuwa nimeisikia sauti hiyo, na bado niliitambua kabla hajalitaja jina lake. Nikampa pole, nikamwelekeza: shuka Kinoo stejini, uliza nyumba ya mwalimu wa Kiswahili, hata watoto wanaijua. Nikakata simu. Kisha nikaukatakata mchicha wote, majani na mizizi, na udongo wake, ikabidi niumwage.

Kwetu jina la Mwalimu Jayant halitajwi. Kaka yangu Omari akilisikia hutema mate, na Omari si mtu wa kutema mate ovyo. Sababu yake kila mmoja katika ukoo anaijua: inasemwa kwamba huyo mzee wa Kihindi ndiye aliyenikosesha kumwosha mama yangu. Sisi watu wa pwani, Waislamu, mwanamke haendi makaburini. Jeneza likishavuka kizingiti limekwenda. Wanaume wanalifuata, sisi tunabaki na mikeka na vilio vyetu. Haki ya binti iko kabla ya hapo. Ni kumwosha mamake kwa mikono yake mwenyewe, kumtia kafuri, kumtazama uso kabla sanda haijafungwa. Haki hiyo sikuipata, na haina siku ya pili. Mwaka ulioishia siku hiyo ndio ninaouandika hapa, na nitauandika wote bila kuupamba, maana Omari hasomi vitabu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama alikuwa mgonjwa wa ini na tulikaa Kangemi, vyumba viwili juu ya duka la chakula cha kuku, hata leo nikipita penye pumba huvuka upande wa pili wa barabara. Maalim wa madrasa yetu ndiye aliyenipeleka Ngara kwa Mwalimu Jayant, mstaafu wa kufundisha hesabu, aliyekuwa akitafuta mtu mwenye Kiswahili cha nyumbani amsaidie kuandika kitabu kidogo. Kitabu chenyewe kilikuwa cha maneno ya dini na falsafa ya kwao, maneno ya Kisanskriti, yaelezwe kwa Kiswahili ambacho mtu wa kawaida angekisoma akaelewa. Siku ya kwanza nilimuuliza, kwa ule utovu wa adabu wa vijana, nani atakisoma. Alikuwa na Kiswahili kilichonyooka kama rula, cha mtu aliyekijifunza darasani na kukiheshimu. "Babu yangu alichomwa hapa Nairobi," akasema. "Baba yangu, na mke wangu pia. Vizazi vitatu tumewauzia watu wa mji huu vitambaa, na hakuna anayejua tulikuwa tukiamini nini. Wanajua bei tu." Nikaanza kazi asubuhi iliyofuata.

Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya jumla ya vitambaa. Ngazini palinuka mvuje wa mapishi na nguo mpya. Tulifanya kazi kwenye meza ya kulia, iliyofunikwa plastiki yenye maua, na upande wa dirishani palikuwa na kiti cha marehemu mkewe ambacho hakuna aliyekikalia. Nalini, aliyekuwa na nyumba yake Parklands na aliyekuja kila siku kumpikia, alininong'onezea jikoni, "Unaona? Anaandika kuhusu kuachilia vitu, na kiti ya mama hata mimi siwezi kalia." Alikuwa na uchungu wake, Nalini, alitaka baba yake ahamie kwake na mzee hataki. Saa nne kamili alituletea chai ya tangawizi na chapati nyembamba zilizokandwa na majani ya uwatu, pamoja na achari ya embe iliyokuwa ikinitoa machozi. Nilikula nne, tano. Kangemi sikuwa nikila. Kule nilikuwa nalisha.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba simu zetu zilikaa ndani ya bati la biskuti, kifuniko kimefungwa, na bati liko juu ya kabati. La pili lilikuwa namna yake ya kupima neno. Tukishapata Kiswahili tulichodhani kinafaa, nilitakiwa nishuke nalo mpaka barabarani, nimwambie mtu wa kwanza, wa pili na wa tatu, niwaulize wameelewa nini. Wawili wakikosea, neno linafutwa, hata kama limetuchukua siku tano. Mwanzoni nilikuwa nikiona haya ya kufa. Baadaye wachuuzi walinizoea. Mama Shiro, aliyeuza mapazia pale chini, alikuwa akiniona tu anaanza kucheka: "Sasa Zuhura! Leo mzee amekutuma na gani?"

Kuelekea mwisho wa mwaka ndipo tulipofika kwenye vairagya. Mwalimu alilibambua mbele yangu polepole. Raga, alisema, ni rangi, na hasa ule wekundu unaokiingia kitambaa kikichovywa. Watu wa kale walipotafuta namna ya kumsema mtu aliyependa, aliyetamani, aliyeng'ang'ania kitu, walisema ameingia rangi. Tanguliza vi, silabi ya kuondoa, upate viraga: rangi imetoka. Na hali ya mtu wa namna hiyo ndiyo vairagya. Moyo haujafa, alisisitiza, akigonga meza kwa kidole. Kitambaa kipo, kizima, kinavalika. Kilichotoka ni ile rangi iliyokuwa imekishika. Akanieleza pia kwamba hata rangi yetu, neno lililotufikia kwa Waajemi na Wahindi waliofanya biashara pwani, ni jamaa ya raga yao, na alipoliona hilo alifurahi sana, akaenda kumwambia Nalini jikoni. Mimi nilitoa leso yangu mkobani, imechujuka kwa kufuliwa, nikamwonyesha. Mwalimu akaishika kwa mikono miwili. Sijawahi kumpendeza mtu vile maishani mwangu.

Lakini Kiswahili chake hakikupatikana. Zuhudi, alisema Maalim, na ni neno zuri, ila barabarani hakuna aliyelijua, fundi wa viatu aliniambia, "Hiyo ni ya watu wa msikiti, mimi uliza kitu ya viatu." Kujitenga, Mama Shiro alisema ni maringo. Kutojali, wote watatu walidhani ni ubaya. Nikajaribu kukata tamaa, maana ukilitazama kwa herufi zake ndilo lenyewe kabisa, tamaa imekatwa. Mama Shiro akashika kiuno. "Hapana, hiyo ni mtu maisha imemshinda. Huyo mpeleke kwa pasta haraka." Tukafuta. Wiki tatu tukawa tunazunguka hapo hapo, na Mwalimu akawa ananieleza upya kila asubuhi, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kulibeba neno lile kurudi nalo nyumbani.

Nilifikiri nimelielewa kwa sababu lilinifaa. Mtu aliyewahi kuuguza mwaka mzima anajua ninachosema. Shuka za kufua kila siku, ndoo, harufu isiyotoka hata ukichoma ubani wa dunia nzima, mgonjwa anayekuita kila ukiketi. Mama alikuwa mkali kwa maumivu, mara ananifukuza, mara ananishika mkono haniachi. Nikaanza kufanya mambo yangu kwa utulivu mkubwa. Nilimgeuza, nikamfuta, nikampa dawa, na moyoni hamna kitu, kimya, nikajipongeza kwamba rangi inatoka. Jioni moja nikiwa jikoni nikikoroga uji nilimsikia akimwambia mdogo wake, mama mdogo Rehema, aliyekuja kumtazama. "Zuhura ananihudumia, Rehema, siwezi kusema uongo. Dawa kwa saa yake, uji kwa saa yake. Lakini haniangalii. Ananilisha kama mtu anayemwagilia maua ya tajiri wake." Mama mdogo akamwambia mtoto amechoka tu. Mama akasema, "Kuchoka nakujua. Amenitoka huyu." Nilisimama na mwiko mkononi uji ukashika chini. Maneno yale yaliniuma? Yaliniuma sana. Na nikauchukua uchungu ule nao nikaukunja, nikauweka mbali, nikapeleka uji.

Kesho yake nilimweleza Mwalimu kwa fahari kwamba neno nimeanza kulipata mwenyewe, maishani, na nikamsimulia jinsi ninavyomuuguza mama bila kutikisika. Nilitarajia sifa. Mzee alivua miwani. "Hiyo siyo," akasema. "Hiyo ni kuchoka, Zuhura. Wewe umechoka. Chukua wiki moja, kaa na mama yako, usifanye kazi yoyote, kaa naye tu." Nilikasirika sana. Yaani pale mezani palikuwa mahali pangu pa pekee ambapo sikuwa binti wa mtu, na yeye ananirudisha Kangemi! Nikamwambia sihitaji wiki. Akaniambia basi siku tatu. Nikamwambia, "Mwalimu, tuendelee."

Ilikuwa Jumatano. Nilitoka nyumbani mapema mama akiwa amelala, au nilijiambia amelala. Mlango wake ulikuwa wazi kidogo na sikuusukuma. Saa mbili niliweka simu batini. Saa tatu u nusu kengele ya chini ikalia, Nalini alikuwa hajafika, Mwalimu akashuka mwenyewe na magoti yake mabovu. Alikawia. Aliporudi alisimama mlangoni anahema. "Kaka yako na mjomba wako wako chini. Wanasema uje nyumbani. Nenda, Zuhura."

Niliinuka nikaenda dirishani. Chini, kati ya marobota ya vitambaa, alikuwepo Omari, na kando yake Mjomba Salim. Mjomba alikuwa fundi magari pale Kangemi, siku za kazi humkuti ila na ovaroli imejaa grisi. Jumatano ile amevaa kanzu na kofia. Wote wawili kanzu. Kwetu habari ya kifo haipitishwi kwa mtu wa kando wala haipigiwi kelele ngazini. Huja watu wazima wawili, wanakwambia twende nyumbani, na unakwenda. Hakuna mtoto wa pwani asiyejua hilo. Nilijua. Nataka niliandike kwa wino: nilijua pale pale dirishani, kabla sijageuka, kama ninavyojua jina langu.

Nikarudi kuketi. Nikamwambia, "Waambie nakuja. Tumalize hili kwanza." Mwalimu akasema, "Neno litangoja." Nikasema, "Si wewe uliyenifundisha?" Akanitazama, akasema tena niende, safari hii kwa sauti ya juu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaanza kuzikusanya karatasi. Nilizishika nikazivuta kutoka mikononi mwake. Kwa muda tukavutana, mzee wa miaka sabini na mimi, kwa karatasi. Aliniachia. Akashuka kuwaambia nakuja, na wao, wenye kaburi la kusimamia na msikiti wa kuarifu, wakaondoka wakiamini niko nyuma yao. Mwalimu aliporudi hakukaa mezani tena. Alikaa kwenye kiti cha mkewe, mara ya kwanza, akatazama nje. Mimi nikaandika. Nimesahau hata nilichoandika. Nakumbuka tu kwamba sikutikisika, na kwamba niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwani kule nyumbani palikuwa na mtu aliyesema simwangalii, na sasa ningelazimika kumwangalia.

Nilifika Kangemi saa nane. Ngazi zilikuwa zimelowa na viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Mama mdogo Rehema alinijia na mikono ya gauni imeloa hadi viwikoni, ananuka kafuri. "Tulikungoja, mwanangu," akasema. "Maji yakapoa tukayapasha moto tena. Yakapoa tena. Mjomba wako akasema haifai, adhuhuri imefika." Kitanda cha mama kilikuwa kimeshavuliwa shuka. Baadaye Omari akarudi kutoka makaburini, udongo mwekundu umemganda kwenye pindo la kanzu, akasimama katikati ya wanawake wote wale akaniuliza, "Ulikuwa wapi?" Nikasema, "Hakuniambia. Hakuniambia mpaka saa saba." Lo, jinsi lilivyotoka jepesi! Wanawake wakaniangukia, wakanikumbatia, wakamlaani mzee. Omari akanikalisha chini kama yai.

Baada ya hitima ya siku ya tatu Omari alikwenda Ngara. Nilikuwa najua anakwenda na nilikaa nikingoja, nikihesabu pumzi zangu, nikasema leo yamekwisha, mzee atamwambia. Akarudi kabla ya magharibi, macho mekundu. "Amekubali," akasema. "Nilikwenda kumpiga, Wallahi, ila mzee amesimama pale ngazini analia. Anasema ni kweli, ni mimi, nisameheni." Nilikuwa na tonge la wali mkononi. Nikalila.

Mwaka wa kwanza nilimshukuru kimoyomoyo. Baada ya hapo nikaanza kumchukia, na chuki hiyo ndiyo iliyokaa. Angenikana! Omari angenizaba kofi, mama mdogo angelia, ningelia, ningeomba radhi kwa mama mbele ya watu, na mambo yangepita kama yapitavyo katika nyumba za watu. Badala yake miaka kumi na minane nimekuwa mtu wa kuhurumiwa. Kila harusi, kila hitima, kuna bibi atakayenishika kidevu aseme maskini huyu, Mhindi alimkosesha mamake. Nami nainamisha macho. Nani alimwomba anibebee? Naelewa alichofanya, si mjinga mimi. Aliacha jina lake lichujuke mbele ya watu asilipiganie hata kidogo, akaliweza lile neno ambalo mimi nililipigia kelele mezani kwake. Basi na aliweze. Mimi aliniacha na uongo wangu, mzima, bila wa kunisaidia kuutua.

Nalini alikuja Jumamosi, amevaa nyeupe ya msiba wao, nywele zimekuwa mvi. Na Omari alikuwepo. Aliposikia nani anakuja alisema haondoki, atakaa pale pale sebuleni asikie anachotaka mtoto wa yule mtu. Nikawaandalia chai. Nikamimina kikombe cha kwanza mpaka kikafurika kisahani, Omari akaniambia, "Tulia, dada, niko hapa." Nilimuuliza Nalini kama kitabu kilitoka. Akatikisa kichwa. "Aliacha ile siku wewe uliacha kuja. Karatasi zote ziko tu." Kisha akafungua mkoba akatoa kijikaratasi, akasema ameandika ili asikosee, kwa sababu baba alimfanya alirudie mara tatu.

Akasoma kwa Kiswahili kile cha baba yake, kilichonyooka. "Mwambie Zuhura kwamba nilipewa ujumbe wake na nikaukalia, kwa sababu nilitaka kumaliza kazi yangu. Yeye hakujua. Aliposhuka ilikuwa nimeshamchelewesha. Simwombi asahau. Namwomba anisamehe." Hata kwa mwanawe, jamani! Hata kitandani pa kufia, kwa mtoto wake wa pekee, hakuniachia mtu mmoja duniani anijue nilivyo. Nalini alikuwa akilia. "Mimi nilimkasirikia sana, Zuhura. Nilimuuliza mara nyingi, Baba, ungewezaje? Mtu amefiwa na mama! Miaka mingi sikuwa naongea na yeye vizuri. Mpaka mwisho sikuwa naongea na yeye vizuri."

Hapo ndipo ilikuwa niseme. Nilifungua mdomo. Ningesema nini, kwamba umemnunia baba yako hadi anakufa kwa kosa langu? Maneno yalikuwepo, machache tu, mtoto wa darasa la kwanza angeyasema. Nikamtazama Nalini, nikamtazama Omari. Omari alikuwa ameinama, amejishika paji la uso, na alipoinua kichwa nikaona uso umemlainika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu ile Jumatano.

"Msamehe, Zuhura," akasema kwa upole. "Mtu ameshakufa. Na mwenye haki ni wewe peke yako, sisi wengine hatuna la kusema."

Wakangoja wote wawili.

"Nimemsamehe," nikasema.

Nalini akanishika mikono, akaibusu huu na huu, akasema asante, asante, sasa baba atapumzika. Omari akafuta macho kwa kiganja, akasema kwamba mama huko aliko amefurahi kuona amezaa mtoto mwenye moyo kama huu, Mungu amrehemu. Nalini akaitikia amina, ingawa si wa dini yetu. Na mimi nikaitikia amina.